Upindo Alioujua Bi Futi

Bi Futi hakuwa mtu wa nyuso. Ukikutana naye njiani ukamwamkia, atakuitikia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani na za wazee, na muda wote huo hana habari wewe ni nani. Subiri uage, ugeuke, akuone mgongo. Hapo ndipo atakapopiga kelele: "Aa! Kumbe ni wewe, kiuno thelathini na nne, bega la kushoto limelala! Mbona husemi?" Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwatazama binadamu kuanzia shingoni kwenda chini, magoti sakafuni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni pale ambapo wenzake huvaa mkufu. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti, linapumzika.

Hata daftari lake la wateja halikuwa na majina ya watu. Lilikuwa na Tumbo Kwanza, Shingo Chupa, Mama Mikono Mirefu, na mzee mmoja mheshimiwa sana aliyeandikwa Hana Matako, ambaye kwa bahati nzuri hakuwahi kuomba kuliona. Na alikuwemo Nusu Inchi.

Huyu Nusu Inchi alikuwa konstebo katika kituo cha polisi cha hapo karibu. Askari wa kituo kile walikuwa wateja wa Bi Futi kwa sababu moja tu: sare za stoo zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya binadamu ambaye bado hajazaliwa, mwenye kiuno cha pipa na miguu ya korongo. Wakizichukua, lazima wazilete kupunguzwa. Konstebo alipoleta yake, Bi Futi alimsimamisha mbele ya kioo, akapiga magoti, akatazama mara moja, akasema, "Mguu wako wa kushoto ni mfupi kwa nusu inchi."

"Mimi? Nimepita mafunzo yote, fundi! Hakuna aliyeniambia."

"Walikuwa wanatazama uso."

Akaukata mguu wa kushoto wa suruali nusu inchi zaidi ya wa kulia, na konstebo alipovaa, pindo zote mbili zikakaa sawasawa juu ya buti. Uzi wa rangi ya sare ulikuwa umekwisha siku hiyo, akashonea wa kijani kibichi kwa mshono wa kuficha. Kwa nje hauonekani. Kwa ndani unaonekana kama mtu kashonea majani. Akamwambia, "Hakuna atakayekutazama kwa ndani ya suruali, labda awe amelala chini ya miguu yako." Wakacheka wote wawili.

Mwezi uliofuata, Jumanne saa nne asubuhi, Bi Futi alikuwa dukani na mwalimu mmoja wa hesabu. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya kigoda bila viatu, gauni limeshapimwa na kubanwa pini kuzunguka upindo, sasa analivua kwa kichwani taratibu asijichome. Bi Futi alikuwa na pini saba zilizobaki, kazibana kwa midomo. Ndipo mlango ulipofunguliwa kwa bega na askari wanne wakavamia ndani.

Kilichowaleta kilikuwa ni taarifa. Mtu fulani alikuwa ameripoti kwamba mtaani yumo mshonaji anayewashonea majambazi sare za polisi. Na ukutani kwa Bi Futi, palepale mbele ya macho yao, zilikuwa zimening'inia suruali tatu na mashati mawili ya polisi.

"Wewe ndiye unayeshona sare za polisi?"

Mtu mwenye pini saba mdomoni hawezi kujieleza. Bi Futi akatikisa kichwa kukubali, tena kwa fahari kidogo, maana swali lilikuwa rahisi na jibu lilikuwa kweli.

"Mikono juu!"

Mafundi wana sheria yao ambayo haiko katika kitabu chochote: hutemi pini sakafuni wakati mteja yuko pekupeku. Bi Futi akainua mkono wa kushoto, uliokuwa na kijimto cha pini kimefungwa kwenye kifundo, na wa kulia akaupeleka mdomoni aanze kuzitoa. Moja, akaichomeka kwenye kijimto. Mbili. Tatu. Kwa macho ya fundi, huo ndio ustaarabu wenyewe. Kwa macho ya askari, yule alikuwa ni mtuhumiwa aliyeambiwa mikono juu naye anakula.

"Anameza ushahidi!" mmoja akapiga kelele.

Ya nne hakuifikia. Alijikuta shavu liko sakafuni, pini mbili zimeingia kwenye mdomo wa chini, na buti limekaa juu ya mkono wake wa kulia. Halikupita, lilikaa. Mfupa wa kidole gumba ukalia. Mwalimu, ambaye kichwa chake kilikuwa bado ndani ya gauni na alikuwa anaogopa kulitoa, alisema baadaye kwamba alisikia mlio kama wa mtu anayevunja chaki.

Bi Futi hakuona uso hata mmoja. Angeona ingekuwa kazi bure, tunamjua. Alichokiona, shibiri moja kutoka kwenye jicho lake, kilikuwa ni upindo wa suruali kwa ndani, umeshonwa kwa uzi wa kijani kibichi.

Alikaa mahabusu mpaka saa kumi. Mkuu wa kituo alipopita kukagua akasimama, akarudi nyuma hatua mbili, akauliza, "Huyu si fundi wetu? Suruali zangu ziko kwake!" Wakamfungulia. Wakampa pole. Wakamwambia ni makosa ya kazi, na wakampa karatasi ya kwenda nayo hospitali, yenye mihuri mitatu. Mtoto wa kaka yake, msusi mwenye saluni mlango wa pili, ndiye aliyemsomea, kwa sababu miwani ya Bi Futi ilikuwa imebaki chini ya cherehani.

"'Mtuhumiwa alikataa kukamatwa,'" msusi akasoma, "'akateleza na kuanguka mwenyewe.' Shangazi! Ulianguka mwenyewe?"

"Nilianguka?"

"Nakuuliza wewe!"

"Sasa mbona wameandika?"

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza. Bi Futi alijua alichokijua, lakini karatasi ilikuwa na mihuri mitatu na yeye alikuwa na kidole kimoja kilichofungwa plasta. Siku nyingine aliamka akiwa na hakika. Siku nyingine alikaa akajiuliza, kigoda kilikuwa wapi? Sakafu ilikuwa na maji? Plasta ilipotolewa, kidole gumba kilikuwa kimenyooka kama kinaelekeza watu njia, hakikunjiki. Cherehani aliweza kuendesha. Mkasi, hapana. Na fundi asiyekata ni mtu anayeshona alichokata mwingine. Alimtazama msusi akimkatia kitambaa kwa mkasi wa nywele, akafumba macho.

"Sitaki kitu kikubwa," alimwambia msusi. "Nataka hilo neno 'mwenyewe' lifutwe. Waseme walinivunja. Basi."

"Shangazi, hilo neno halifutwi kwa ufutio. Linafutwa kwa kesi."

Wakili waliyempata alikuwa kijana mwenye ofisi juu ya duka la betri za magari, na koti ambalo Bi Futi hakuweza kulivumilia. Mikono ilifika kwenye vidole. Aliyemshonea bila shaka alikuwa na ugomvi naye. Wakili alieleza kwamba hii si kesi ya jinai, ni ya madai. Bi Futi atakuwa mdai. Konstebo atakuwa mdaiwa wa kwanza, na Jeshi la Polisi mdaiwa wa pili.

"Yaani konstebo yuko mbele, jeshi liko nyuma yake?"

"Kwa mpangilio wa karatasi tu, mama."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe uko juu yao wote."

Bi Futi alifikiria picha hiyo, haikumsaidia. Wakili akauliza jambo la maana: ana hakika gani kwamba ni konstebo huyo? Bi Futi akamweleza upindo. Wakili akaandika, akaacha kuandika, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Uzi wa kijani? Hakuna mwingine uliyemshonea hivyo?"

"Hakuna. Niliponunua uzi mwingine nilinunua wa rangi yake. Huyo Nusu Inchi tu." Akaishika futi shingoni. "Na alikuwa anaipenda ile suruali, mwanangu. Alinisifia mbele ya mkuu wake. Halafu anikanyage nayo? Mimi sielewi."

Kesi ilipofika kusikilizwa, askari wote wanne waliapa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa anakagua sare ukutani. Wa pili alikuwa dirishani. Wa tatu alikuwa ameshika kigoda mwalimu asianguke, ukarimu ambao mwalimu mwenyewe hakuukumbuka. Nusu Inchi akasema yeye alikuwa nje, mlangoni, anazuia watu. Ukiwasikiliza wote, chumba kile kilikuwa kimejaa polisi na hakuna hata mmoja aliyemkaribia Bi Futi. Msusi akanong'ona kwenye benchi, "Basi shangazi alijikanyaga. Ana miguu mirefu sana huyu."

Zamu ya Bi Futi ilipofika, suruali ililetwa ndani ya mfuko wa karatasi na kuitwa kielelezo namba tatu. Akaigeuza upindo kwa mkono wa kushoto. Uzi wa kijani. Chumba kizima kikainua shingo.

"Ni mshono wako?" wakili wake akauliza.

"Ni wangu. Hata ukiniamsha usingizini."

Hapo wakili angekaa, kesi ingekuwa nzuri. Lakini kijana alikuwa amelala siku tatu na wazo, na mtu mwenye wazo haketi. "Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "naomba mdaiwa wa kwanza aivae, ili mahakama ione vile alivyoona mdai."

Wakili wa polisi akapinga. Hakimu, mama mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akafikiria, akasema hakuna ubaya. Nusu Inchi akaenda chumba cha karani, akarudi ameivaa, na buti zake, amesimama katikati ya mahakama kama bwana harusi aliyelazimishwa.

"Mama, sogea. Tazama."

Bi Futi akasogea. Na kwa kuwa hajawahi kutazama suruali akiwa amesimama, akapiga magoti palepale mbele ya hakimu, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja. Pindo mbili, buti mbili. Zimekaa sawasawa.

"Imekaa vizuri," akasema, na kwa nukta moja alikuwa ni fundi mwenye furaha.

Aliendelea kupiga magoti. Wakili akakohoa. Bi Futi alikuwa anaiona ile sakafu nyingine, ya dukani, na shavu lake juu yake, na buti zile mbili. Upindo wa kulia ulikuwa umelala juu ya buti. Wa kushoto ulikuwa umepanda juu, umeacha wazi kamba za buti. Aliuona siku ile. Aliuona vizuri kabisa, na kwa miezi kumi na moja hakuuona, kwa sababu alikuwa anaangalia uzi.

Suruali ile ilikaa sawa kwa mtu mmoja tu duniani. Kwa mtu mwenye miguu miwili iliyolingana, upindo wa kushoto lazima upande nusu inchi.

Hakuna aliyemwuliza kuhusu hilo. Wakili wake alikuwa anamwonyesha kwa macho arudi akakae. Angeweza kurudi. Konstebo alikuwa anatazama mbele, jasho linamtoka, na Bi Futi kwa mara ya kwanza akajilazimisha kumtazama uso, akaona ni uso wa kijana tu, haukumwambia lolote.

"Si huyu," akasema.

"Nini?" wakili akauliza, sauti imepanda kama ya mtoto.

"Suruali ndiyo. Mguu siyo." Akaeleza, bado yuko sakafuni, akionyesha kwa kidole kile kisichokunjika: huku kulilala, huku kulipanda. "Aliyenikanyaga ana miguu iliyo sawa. Huyu mguu wake wa kushoto ni mfupi. Samahani, afande, nimekutaja mbele za watu."

Msusi akashika kichwa. Wakili akajikunja ndani ya koti lake, na nafasi ya kujikunja ilikuwepo ya kutosha. Wakili wa polisi akainuka taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

"Kwa hiyo, mama, huyu hakukukanyaga."

"Hapana."

"Na aliyekukanyaga unamjua?"

"Simjui."

"Uso hukuona."

"Sioni nyuso mimi."

"Kwa hiyo kwa kifupi, hujui."

"Sijui," Bi Futi akasema, na machozi yakaanza, kwa sababu ilikuwa ni kweli na ilisikika kama uongo.

Wakili wa polisi akaomba kesi yote ifutwe: mdai mwenyewe ameiua. Hakimu aliomba aonyeshwe tena mguu wa kushoto wa konstebo, akaomba upimwe. Karani akakosa futi. Bi Futi akaitoa shingoni mwake, akapima, akasoma kwa sauti. Tofauti ilikuwa nusu inchi kamili. Hakimu akaandika, akasema hukumu itasomwa baada ya wiki tatu.

Wiki hizo tatu msusi hakuzungumza naye vizuri. "Shangazi, nani alikuuliza?" alisema kila alipoingia kumkatia kitambaa. "Hata konstebo mwenyewe alikuwa hajui tofauti! Wewe ndiye uliyemwambia ana mguu mfupi!"

"Sasa ningemwacha?"

"Na yeye si alikuacha?"

Bi Futi alikuwa amekwenda mahakamani na kitu kimoja tu alichokuwa na hakika nacho, akarudi bila hata hicho.

Siku ya hukumu hakimu alisoma muda mrefu, na katika sentensi kumi Bi Futi alielewa moja. Mdaiwa wa kwanza ameondolewa kwenye kesi. Msusi akamminya goti. Hakimu akaendelea. Mdai angeweza kunyamaza akashinda. Mtu anayejiharibia kesi yake kwa nusu inchi, mahakama haina sababu ya kutomwamini kwa yaliyobaki. Na kilichobaki ni kwamba suruali ile ilikuwemo chumbani, shibiri moja kutoka kwenye uso wake. "Askari wanne wanasema hakuna aliyemkaribia," hakimu akasoma, akashusha miwani. "Suruali haikuja yenyewe. Ilikuwa na mtu ndani, na mtu huyo alikuwa kazini." Mwanamke aliyetoa pini mdomoni hakuhitaji buti. Nguvu iliyotumika ilizidi. Maneno kwamba alianguka mwenyewe si ya kweli. Jeshi la Polisi linawajibika, na litamlipa fidia.

Watu wakainuka. Wakili akamshika Bi Futi mkono wa kushoto, akautikisa mpaka bega.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda, mama!"

"'Mwenyewe' limefutwa?"

"Limefutwa!"

"Sasa nani alinikanyaga?"

Wakili akafungua mdomo. "Jeshi," akasema.

"Jeshi lina miguu mingapi?"

Wakili akatabasamu, kisha akaona hatanii, akaanza kupanga karatasi.

Kwenye korido Nusu Inchi alikuwa amemsubiri, kofia mkononi.

"Fundi."

"Afande."

"Siku ile nilipiga kelele pale mlangoni. Nilisema huyo ni fundi wetu. Hawakunisikia."

Bi Futi alijaribu kukumbuka kelele hizo. Zilikuwepo kelele nyingi. Akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza kipimo, "Nani alivaa suruali yako?"

Konstebo alitazama nje ya dirisha la korido. Chini, kando ya gari la polisi, wenzake watatu walikuwa wanamngoja. "Tunaanika kamba moja, fundi," akasema. "Zote zinafanana. Mtu anaamka, anavuta iliyo karibu." Akasimama kidogo, kama mtu anayetaka kuongeza neno. Akavaa kofia. "Ilikuwa kwenye kamba," akarudia, akateremka ngazi.

"Hilo ni jibu?" Bi Futi akamwuliza msusi.

"Shangazi, twende nyumbani."

Njia ya kutokea ilipita palepale kwenye gari. Bi Futi akapunguza mwendo. Akawatazama wale watatu kuanzia kiunoni kwenda chini, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Miguu sita. Yote imenyooka, yote imelingana, ya watu waliolishwa vizuri na mama zao. Hakukuwa na mguu hata mmoja uliomwambia kitu. Akainua macho akazitazama nyuso, nazo zikawa kama sahani tatu za seti moja.

"Shikamoo, mama," akasema wa katikati.

"Marahaba, mwanangu," Bi Futi akaitikia.

Walipopinda kona, msusi akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Marahaba? Shangazi! Na kama ndiye yeye?"

Bi Futi aligeuka kutazama nyuma. Gari lilikuwa limeshawashwa.

"Na kama siye?" akasema. "Mtu amenisalimia, ulitaka nimfanyeje?"